Mtu Hupona Mara Mbili



Hapa kwetu Ikwiriri mgonjwa akizidiwa, habari haichelewi. Hutolewa kituo cha afya akapelekwa Utete, au hupakiwa garini usiku kwenda Dar es Salaam, na asubuhi mji mzima umekwisha kujua. Watu huulizana sokoni: "Amelazwa wapi? Anasema? Wamemtia mashine?" Tukiambiwa kwamba yumo katika chumba cha wagonjwa mahututi, tunaingiwa na hofu, maana twajua kwamba si wote waingiao mle hutoka. Hapo tunasali, tunachanga, na ndugu zake wanauza mpunga au korosho ili papatikane nauli na fedha za dawa. Katika jambo hili Wakristo na Waislamu wa mji huu hatubaguani, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha siku moja simu inalia: "Ametoka mahututi! Amepona!" Wanawake wanapiga vigelegele. Mgonjwa anaporudi, nyumba inajaa watu wa kumpa pole, na Jumapili tunatoa shukrani kanisani. Baada ya wiki mbili kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Mwezi wa tatu unapofika, utasikia mtu akisema, tena bila nia mbaya: "Mbona fulani bado amekaa barazani tu? Si alikwisha kupona?"

Ndugu zetu, swali hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo. Tunakiri kwamba hata sisi tunaoandika ukurasa huu tumewahi kuliuliza.

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu tunasema kwamba mtu amepona ikiwa mtumbwi wake umepinduliwa na kiboko naye akafika ukingoni, hata kama mguu wake umevunjika. Maana yake ni kwamba hakufa. Tena tunasema kwamba mtu amepona ikiwa homa imemwacha, anakula, analala, anakwenda shambani kama zamani. Maana yake ni kwamba amekuwa mzima. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili, na baina yake pana safari ndefu. Kwa mtu aliyetoka katika chumba cha mahututi, safari hiyo yaweza kuchukua miezi, yaweza kuchukua miaka, na wengine hawaimalizi. Sisi tunalisikia neno "amepona" kwa maana ya kwanza, kisha tunamdai mwenzetu maana ya pili.

Kwa nini safari hiyo ni ndefu? Mgonjwa mahututi hulala siku nyingi bila kusogea. Huenda ametiwa mpira kooni ili mashine ya kupumulia ivute pumzi badala yake, na hupewa dawa za usingizi ili aweze kuvumilia. Wakati huo mwili wake unajila wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika siku 10 tu msuli wa paja la mgonjwa wa namna hiyo hupungua kwa karibu asilimia 18. Mtu mzima aliyebeba magunia ya mpunga mwezi uliopita anaamka akiwa hawezi kuinua kijiko. Sauti yake imekwaruza, nywele zake pengine zinakatika, na usingizi umemwacha.

Madaktari wa Toronto, nchini Kanada, waliwafuata wagonjwa 109 waliotoka mahututi baada ya mapafu yao kushindwa kazi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba ulipotimia mwaka mmoja, ni karibu nusu tu yao waliokuwa wamerudi kazini. Mwaka 2011 walitoa habari za miaka mitano: hata baada ya muda huo wote, wengi hawakuweza kutembea mwendo ambao mtu wa umri wao angetazamiwa kutembea. Basi ikiwa hali ilikuwa hivyo katika nchi yenye hospitali nyingi na wataalamu wengi, sisi tunaopita njia ya mchanga kumfikia mgonjwa wetu tusishangae kumkuta bado barazani mwezi wa tatu.

Tena kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Wengi wa wagonjwa hao huweweseka wakiwa mahututi. Wanaona watu wasiokuwapo, wanaamini kwamba wauguzi wanataka kuwaua, wanajiona wamefungwa au wamezikwa. Wakirudi nyumbani picha hizo huwafuata usiku. Wengine husahau mambo, huchanganyikiwa wakihesabu fedha, hukasirika bila sababu. Uchunguzi wa wagonjwa 821 uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, mmoja kati ya watatu alikuwa na udhaifu wa akili na kumbukumbu unaofanana na ule wa mtu aliyeumia kichwani kwa kiasi cha wastani. Mwaka 2012 wataalamu walikwisha kuyapa madhara haya yote, ya mwili, ya akili na ya moyo, jina moja la kitabibu, tena wakasema wazi kwamba hata jamaa za mgonjwa huathirika.

Sisi hapa pwani twajua jinsi mambo kama hayo yanavyopokewa. Mtu akipiga kelele usiku, watasema amerudi na majini. Akisahau jina la mkwewe, watasema amerogwa. Akikaa kimya, watasema ana kiburi tangu atoke Dar es Salaam. Mtu huyo tayari anaogopa kwamba ana wazimu, nasi tunamwongezea hofu juu ya hofu. Yafaa tujue kwamba ndoto zile ni kovu la ugonjwa, kama vile alama ya kidonda ilivyo kovu la upasuaji.

Sasa tufike kwenye swali gumu, lile linalosemwa kwa sauti ya chini msibani na vilabuni. Watu wanamwona mtu aliyetoka mahututi akiwa hawezi kutembea, shamba limeuzwa, mke amechoka, watoto wameacha shule, nao wananong'ona: "Ya nini kumrudisha mtu hivi? Afadhali Mungu angemchukua." Si wote wasemao hivyo ni watu wabaya. Wengine wanasema kwa huruma. Je, wanasema kweli?

Swali hili lina umri sawa na matibabu yenyewe. Mwezi wa Agosti 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulipigwa na ugonjwa wa polio. Hospitali moja, iliyoitwa Blegdam, ilijaa watu ambao kupooza kwao kulifika hata kwenye misuli ya kupumulia. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekewa mashine chache zilizokuwapo, 27 walikufa. Ndipo daktari wa dawa za usingizi, Bjørn Ibsen, alipopendekeza njia nyingine: koo litobolewe, mpira uingizwe, na hewa isukumwe mapafuni kwa mkono, kwa kuminya mfuko wa mpira. Mgonjwa wa kwanza alikuwa binti wa miaka 12, Vivi Ebert. Akaishi. Lakini nani angeminya mifuko ya wagonjwa wengi hivyo, usiku na mchana? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, yapata 1,500, wakafanya kazi hiyo kwa zamu, miezi kadhaa, kila mmoja akiketi karibu na kitanda na kumpa mgonjwa pumzi kwa mikono yake. Vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua chumba cha namna hiyo katika hospitali nyingine ya mji huo, na huko ndiko vilikoanzia vyumba vya mahututi tunavyovijua leo.

Vivi hakurudi kuwa kama alivyokuwa. Mikono na miguu yake ilibaki imepooza. Alikaa hospitalini miaka mingi, kisha akarudi kuishi pamoja na mama yake, akitunzwa, akisoma, akichora kwa kijiti alichokishika kinywani. Alifariki mwaka 1971. Je, miaka ile 19 ilikuwa hasara? Tungemuuliza jirani aliyemchungulia dirishani, pengine angesema ni afadhali angekufa mwaka 1952. Lakini jirani siye wa kuulizwa. Huko Marekani wachunguzi waliwauliza wenyewe watu wenye ulemavu mkubwa wayapime maisha yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walisema maisha yao ni mema au mema sana. Watu wa nje walidhani vingine kabisa. Sisi tulio wazima tunampimia mwenzetu kwa kibaba chetu: twaona kile alichopoteza, naye anaona kile alichobakiwa nacho.

Hatusemi kwamba uhai urefushwe kwa kila njia na kwa kila gharama. Hasha. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari juu ya mashine hizi, akajibu kwamba mtu hana wajibu wa kutumia njia zilizo nje ya kawaida, nao Wakristo wengi wa madhehebu mengine wameona busara katika jibu hilo. Kuna saa ambapo mashine inachelewesha kufa tu, na familia iliyokubali kwamba iondolewe haikuua mtu. Tusiilaumu. Tunayemzungumzia hapa ni mtu ambaye tayari amerudi, yu hai, ameketi barazani, anatuona tukipita.

Kwa habari ya mtu huyo, twathubutu kusema hivi: swali la kama maisha yake yana thamani limefungwa pamoja na swali jingine, nalo ni kama sisi tupo. Mtu asiyeweza kutembea na ambaye kila asubuhi kuna mkono wa kumsaidia kusimama, ana maisha ya namna moja. Mtu yule yule, na miguu ile ile, akiachwa peke yake kwenye mkeka mpaka mgongo ufanye vidonda, ana maisha ya namna nyingine. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti imetoka kwetu. Kwa hiyo tunaponong'ona kwamba afadhali angekufa, tujihoji kwanza: je, tunauhukumu ugonjwa wake, au tunajihukumu sisi wenyewe bila kujua?

Maandiko yametufundisha jambo hili, ingawa mara nyingi tunalisoma haraka. Bwana wetu alipomfufua binti Yairo, watu walishangaa mno. Yeye alikumbuka jambo ambalo hakuna mwingine aliyelikumbuka: aliagiza binti apewe chakula. Muujiza ulikuwa umekwisha, na kazi ya jikoni ilikuwa inaanza. Vivyo hivyo tunamsifu Msamaria mwema kwa kusimama njiani na kufunga majeraha, lakini tunasahau ya kesho yake. Asubuhi alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaagiza majeruhi atunzwe, akaahidi kulipa gharama iliyozidi atakaporudi. Alijua kwamba majeraha hayaponi kwa usiku mmoja. Wema wa njiani na wema wa kesho yake ni wema mmoja, nao haukamiliki ukikatwa katikati.

Hata katika nchi yetu tumeuona mfano wake. Mwezi wa Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walipona, kwa ile maana ya kwanza ya neno. Walikuwa wamevunjika vibaya, wakasafirishwa hadi Marekani kwa matibabu, na mwezi wa Agosti wakarudi nyumbani kwa furaha ya taifa zima. Baina ya Mei na Agosti palikuwa na upasuaji, mazoezi ya kila siku, machozi, na watu wengi waliofanya kazi ambayo haikuandikwa magazetini. Wale watatu hawakuponyeshwa na ndege peke yake.

Lakini kwetu si kila mgonjwa hupandishwa ndege. Tumfikirie kijana wa bodaboda aliyegongwa katika barabara ya Kilwa, akalala mahututi wiki tatu, akarudishwa Ikwiriri na karatasi inayosema afanye mazoezi na aonwe tena baada ya mwezi. Nauli ya kurudi Dar es Salaam hana, maana michango imekwisha. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Mama yake ndiye anayemgeuza usiku. Kijana huyu anahitaji nini kwetu?

Ndugu zetu, karibu kila mtaa wetu una chama cha kufa na kuzikana. Tuna daftari, tuna mweka hazina, tuna sufuria na turubai. Mtu akifa leo, hakuna atakayeuliza maji yatatoka wapi. Ni jambo jema, na wazee wetu walilianzisha kwa hekima. Lakini inatubidi tuone haya kidogo kwamba mwenzetu hupata msaada wetu akiwa karibu na kufa, huupata tena akisha kufa, na hukosa katika muda ule mrefu ambao anajitahidi kuishi. Hatuombi chama kipya. Tunaomba daftari lile lile liongezwe ukurasa mmoja: wa wale wanaopona.

Katika ukurasa huo tuandike mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni zamu. Wakulima wetu wanajua kukaa dunguni kwa zamu kuamia ndege na kulinda mpunga, wala hakuna asemaye kwamba mtu mmoja akeshe msimu mzima. Basi mama wa mgonjwa naye apokewe, walau usiku mmoja katika wiki alale, na siku moja aende kanisani au sokoni bila wasiwasi. Tumesema kwamba jamaa nao huathirika. Mara nyingi mtunzaji ndiye anayefuata kuugua.

La pili ni chakula. Misuli iliyoliwa na ugonjwa haijengwi kwa uji mtupu. Mgonjwa apate samaki wa mto wetu, maharage, mayai, kidogo kidogo mara nyingi. Anayekwenda kumtazama asiende na pole peke yake.

La tatu ni mazoezi. Yale aliyoelekezwa na mtaalamu ayafanye kila siku, na awepo mtu wa kumshika: leo kuketi, kesho kusimama, wiki ijayo mpaka mwembeni na kurudi. Tusimfanyie kila kitu kwa huruma, wala tusimsukume kwa aibu. Akichoka, amechoka kweli. Na siku ya kurudi kliniki ikifika, nauli yake ihesabiwe kuwa mchango kama ule wa kwanza.

La nne halina gharama hata kidogo, nalo ni kumsimulia. Mtu aliyekuwa mahututi amepoteza siku katika maisha yake, na mahali pa siku hizo pamejaa ndoto za kutisha. Katika nchi kadhaa za Ulaya wauguzi na jamaa huandika daftari karibu na kitanda: leo ulikuwa na homa, leo dada yako alikuja, leo ulifumbua macho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliopewa daftari hizo waliathirika na kumbukumbu za kutisha kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, 5 katika 100 badala ya 13. Sisi tu watu wa masimulizi, hili halitushindi. Aliyemsindikiza mgonjwa na amweleze kwa utaratibu, tena na tena akitaka: tulikuchukua hivi, ulilala siku ngapi, nani alikuja, nani alilia. Naye akisimulia ndoto zake, tumsikilize bila kumcheka na bila kutafuta mchawi.

La tano ni ulimi. Tuache kumuuliza "Si umepona?" Tumuulize "Leo umeamkaje?" Swali la kwanza linamdai, la pili linamtembelea.

Huenda baada ya haya yote mwenzetu asirudi kuwa kama zamani. Hapo ndipo upendo wetu utakapopimwa, maana ni rahisi kumsaidia mtu anayeendelea vizuri. Lakini sisi wa bonde la Rufiji tuna somo ambalo mto umetupa tangu zamani. Mafuriko yakija na kuondoka na mpunga, hatusemi kwamba mwaka umekufa. Maji yakipungua tunashuka kwenye tope, tunapanda mazao ya mlau katika ardhi ile ile iliyotuumiza. Si mpunga tulioutarajia. Ni mahindi, ni kunde, ni maboga, nayo hulisha nyumba. Mtu aliyetoka mahututi naye analima mlau. Tusisimame ukingoni tukimhesabia mpunga uliokwenda na maji. Tushuke naye, kila mtu kwa zamu yake na jembe lake.

Bwana awatie nguvu walio wagonjwa, wanaopona, na wanaokesha nao.